Miaka Kumi na Tatu Bila Nyama ya Ng'ombe

Mpanda,
10 Novemba 2024

Mdogo wangu Kalista,

Nakusalimu wewe pamoja na shemeji Wilbert. Huku nyumbani wote tuko sawa isipokuwa mbuzi mmoja, ambaye hayupo tena. Wifi yako Tereza amechaguliwa mwenyekiti wa kwaya, na tangu siku hiyo hata chumvi anaiomba kwa sauti ya kwanza. Mvua zimeanza. Rafiki yangu Mabula, yule Msukuma wa Magamba, aliacha ng'ombe wake wakaingia kwenye mahindi yangu yakiwa na majani matatu. Tumegombana, tumepatana, amekula ugali hapa, ameondoka na kikombe changu.

Mimi ni mzima. Mwezi wa nane nilitimiza miaka kumi na tatu tangu turudi kutoka India, wewe ukiwa mkalimani na mimi nikiwa na vali mpya kwenye moyo. Nimeadhimisha kama kila mwaka, yaani sikula nyama ya ng'ombe. Vijana wa stesheni bado wananiuliza, na mimi bado nawajibu: ng'ombe alitoa kipande cha moyo wake ili mzee Krispini apumue, sasa nimrudie na kisu? Koo nyingine za Kikonongo zilirithi miiko yao kwa mababu. Mimi wangu nimeuanzisha mwenyewe, na nimeushika vizuri kuliko wengi walivyoshika ya kwao. Tereza ananipikia samaki aina ya migebuka, na Jumapili baada ya misa tunapita kwa Lyamba kula kitimoto, maana na nguruwe hatuna undugu.

Mengine ni madogo. Baiskeli nimempa Maiko, mtoto mkubwa wa Mabula, kwa sababu baiskeli ni mambo ya vijana. Kiti changu nimekihamishia mlangoni kwa ajili ya mwanga. Shamba la kule ng'ambo ya mto nimeliacha lipumzike.

Barua hii nampa Cletus, gadi wa treni, kama kawaida. Simu usipige. Katika ukoo wetu simu inalia kwa msiba tu, na nikiona jina lako kwenye kioo siipokei, maana sitaki kujua ni nani.

Kaka yako,
Krispini


Kimara, Dar es Salaam,
4 Desemba 2024

Kaka Krispini,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai, kwa hiyo najua Cletus yupo na anaendelea vizuri. Wilbert anakusalimu. Goti lake linamsumbua na anataka kila mgeni alishike. Mimi tangu nistaafu ualimu nasahihisha mabango ya barabarani, kimoyomoyo, na siku zinakwenda. Pole kwa mbuzi. Mpe wifi hongera.

Kuhusu mwiko wako, nimesoma. Ni jambo jema mtu kuwa na heshima kwa wanyama. Sina la kuongeza.

Nina maswali matatu, na naomba uyajibu yote, si lile rahisi peke yake. La kwanza, unalala na mito mingapi? La pili, miguu yako jioni ikoje? La tatu, kliniki ya moyo ulikwenda lini mara ya mwisho? Ukimaliza, baiskeli hiyo uliipenda kuliko wanao, na sasa umempa Maiko. Sijauliza kitu hapo. Nimetaja tu.

Mdogo wako,
Kalista


Mpanda,
5 Januari 2025

Mdogo wangu,

Heri ya mwaka mpya. Krismasi ilikuwa nzuri. Kwaya iliimba saa tatu mfululizo na Padre alikuwa wa kwanza kukaa. Mabula amerudisha kikombe, kina ufa, anasema kilikuwa nao.

Nakujibu kwa utaratibu. Mito ni mitatu, kwa sababu wanakwaya walimpa Tereza mito ya zawadi na si vizuri kuiacha kabatini. Miguu iko miwili. Jioni inanenepa kidogo, nimeacha viatu, nimerudi kwenye kandambili, ambazo kwa joto hili ni nzuri zaidi. Kliniki nilikwenda mwaka 2019, wakaniambia niko vizuri, nami sikuona sababu ya kuwasumbua tena watu wenye kazi zao.

Kwa Lyamba sasa tunaagiza, tunaletewa nyumbani. Kile kilima kimekuwa kirefu, nadhani ni sababu ya mvua.

Usihangaike. Vali ni ya maisha. Ni wewe mwenyewe uliyeniambia pale kitandani, na mimi maneno ya mwalimu siyabishii.

Krispini


Kimara,
26 Januari 2025

Kaka,

Shikamoo. Wote wazima.

Umeacha baiskeli, umeacha shamba la ng'ambo, umeacha viatu. Kiti kiko mlangoni kwenye upepo. Mito mitatu. Na kilima cha kwa Lyamba nakijua, hata kuku anakipanda bila kusimama. Kaka, hizo si habari za nyumbani. Umeniandikia barua mbili za ugonjwa ukidhani unaandika za salamu.

Nenda hospitali ya mkoa wiki hii. Waambie wakupime moyo kwa ile mashine yenye kioo, kipimo kinaitwa eko. Peleka kadi ya vali. Kama Februari itaisha hujaenda, nitapanda treni nije nikae kwako miezi miwili, na unajua mimi na Tereza tukiwa jiko moja.

Kalista


Mpanda,
2 Machi 2025

Mdogo wangu Kalista,

Salamu. Tereza aliposoma mstari wako wa mwisho alinipeleka hospitali kesho yake, kwa bajaji, akiwa amekaa upande wa mlango ili nisishuke.

Daktari anaitwa Dorice. Ni binti mdogo, lakini anafanya kazi sawasawa. Kabla ya mashine aliweka sikio kwanza. Mimi miaka yote nilipokuwa fundi wa mabehewa tulipita na nyundo, tunagonga gurudumu moja moja na kusikiliza, na gurudumu lenye ufa lilikuwa linajitaja lenyewe. Nilimwona uso wake aliposikiliza. Nikajua limejitaja.

Majibu ni haya. Vali imekuwa ngumu, haifunguki yote, na ikifunga inavuja. Ndiyo maana maji yanajaa miguuni na pumzi haitoshi. Amenipa dawa ya kupunguza maji, na sasa nakojoa kama ng'ombe wa Mabula. Lakini anasema dawa ni ya kusogeza siku tu. Inatakiwa nije Dar nipasuliwe tena, niwekewe nyingine. Bila hivyo hakunificha: mwaka mmoja, labda miwili.

Nimekataa. Nimemwambia kuna makosa mahali, hii ni vali ya maisha, dada yangu ni mwalimu wa Kiingereza na alitafsiri mwenyewe. Daktari aliniangalia, akaandika kitu kwenye faili langu. Kisha nesi akaja kuchukua kiti.

Sasa naomba uniandikie yale maneno ya daktari wa India, yote, kama alivyoyasema, ili nimpelekee. Kabla ya hapo siendi popote.

Kaka yako,
Krispini


Kimara,
16 Machi 2025

Kaka yangu,

Salamu nitaziandika mwishoni kama nitabaki na nguvu.

Umeniomba maneno ya daktari. Alisema hivi: "Mwambie kaka yako vali ziko za aina mbili. Ya chuma inakaa miaka mingi sana, lakini atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kila siku ya maisha yake, na damu ipimwe kila mwezi. Dawa ikizidi atavuja damu, ikipungua vali itaziba. Ya mnyama haina usumbufu huo, lakini inachoka. Miaka kumi, labda kumi na tano, halafu itabidi apasuliwe tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza." Akaniuliza kipimo hicho cha damu kiko wapi karibu na kwenu. Nikamwambia sijui kama kipo. Wewe ulikuwa umelala na mpira puani. Nikawaza mtu ambaye hata kanisani anakwenda kwa kusukumwa, je, damu kila mwezi ataitoa? Nikasaini ya mnyama.

Ulipoamka baada ya upasuaji uliniuliza daktari amesema nini. Nikasema, "Amesema ni ya maisha." Ulikuwa umekonda, Krispini. Mikono yako ilikuwa kama ya marehemu baba. Sikuweza kukuambia kwamba haya yote yatarudiwa. Nilikusudia kukusahihisha tukifika nyumbani. Tukafika stesheni ya Mpanda, ngoma ziko nje, mama yuko mbele na kanga mpya, nikasema kesho. Kesho yenyewe ndiyo leo.

Kuna la pili. Yule mnyama hakuwa ng'ombe. Alikuwa nguruwe.

Mama alikuwa ametoka kubatizwa Usabato mwaka ule. Uliponiambia nimpigie simu nimweleze umewekewa nini, niliogopa akisikia nguruwe hatakuwekea mkono kichwani kukuombea. Nikatafuta mnyama asiyemkwaza mtu. Sikujua kwamba utamfanya mwiko! Miaka kumi na tatu nakuona kwenye harusi na kwenye misiba unasukuma sahani ya nyama pembeni kwa heshima zote. Na nimekaa na wewe kwa Lyamba ukiagiza kilo moja na nusu, ya mbavu, iliyokauka vizuri. Mama alipofariki nilisema sasa nitakuambia. Nikaona aibu imeshakuwa kubwa kuliko uongo wenyewe.

Nimekukosea. Ukifa kwa sababu ulingoja vali ya maisha, utakuwa umekufa kwa tafsiri yangu, na sitaweza kuishi na hilo. Nakuomba msamaha, na nakuomba uje Dar. Ukitaka kuja bila kunisamehe, njoo hivyo hivyo.

Wilbert hajambo. Goti bado.

Kalista


Kimara,
27 Aprili 2025

Kaka,

Wiki sita sasa. Nimepiga simu mara tisa, hukupokea, kisha ikazimwa. Barua hii naipeleka kwa basi kwa sababu treni nimeacha kuiamini.

Kama hujanisamehe, nimeelewa. Lakini niandikie hata neno moja la kunitukana, nijue mkono bado unaandika.

Kalista


Mpanda,
11 Mei 2025

Mdogo wangu Kalista,

Nakusalimu sana. Sisi huku tu wazima, mahindi tumevuna, ng'ombe wa Mabula wamevuna mengine.

Barua yako ya Machi nimeipata wiki iliyopita. Mvua ilikata njia ya reli kabla ya Kaliua, treni ikakaa, Cletus akakaa, koti lake likakaa, na barua ikiwa ndani ya koti. Ile ya Aprili ikaja na basi, ikaitangulia. Kwa hiyo kwa siku nne nilikuwa najiuliza kama nimekusamehe au sijakusamehe, bila kujua kosa lenyewe. Na simu, ulipopiga mara ya tisa nikasema huo ni msiba mkubwa, nikamwambia Tereza aizime.

Kuhusu vali ya maisha: nilijua.

Kalista, mimi nimefanya kazi karakana miaka thelathini na miwili. Kitu chochote chenye namba ya kiwanda kina siku yake ya kurudi karakana. Hakuna breki ya maisha, hakuna ekseli ya maisha. Kadi ya vali ina namba ya kiwanda, niliiona siku ile ile. Ulipotoka kuninunulia machungwa nilimwita yule nesi mfupi, nikagonga kifua changu, nikamwonyesha vidole vyangu ili aniambie ni miaka mingapi. Akafungua kumi. Akafumba. Akafungua vitano, akavitikisa kama mtu asiye na hakika. Nikamshukuru kwa Kiswahili. Uliporudi macho yako yalikuwa mekundu na machungwa yalikuwa mabovu, nikaona nikikuambia najua, utajilaumu njia nzima mpaka Mpanda. Basi nikakaa na miaka yangu kumi na tano kimya. Mwezi Machi nilikuomba maneno ya daktari kwa makusudi, uyatue. Niliona yamekuchosha.

Kuhusu nguruwe: sikujua.

Nimekaa na sentensi ile siku mbili. Tereza nilipomwambia alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akaniuliza kwa sauti ya kwanza kama nina habari nyingine. Mwenyewe nilikaa nikihesabu harusi. Zimefika arobaini na moja, Kalista, na zote nilikula wali na kachumbari. Ila wasiwasi kidogo nilikuwa nao tangu zamani. Kule India ng'ombe walikuwa wanapita barabarani kama wakuu wa wilaya, magari yanawasubiri. Nilijiuliza huyo wangu walimpataje.

Mabula alipopata habari alichinja dume. Alisema miaka kumi na tatu nimewaheshimu ng'ombe wake bure na yeye kama mfugaji hawezi kuniacha hivyo. Nilikula maini, nikala mbavu, nikarudia mbavu. Ni tamu kuliko nilivyokumbuka, na hapo ndipo nilipokukasirikia kweli. Kwa Lyamba siendi tena, mwiko umehamia huko. Nilimpitia kwa bajaji kumweleza. Alisikitika sana, lakini si kwa ajili yangu.

Sasa lile ambalo sikutaka kuliandika. Naogopa, mdogo wangu. Sikumkatalia daktari kwa sababu ya tafsiri yako. Mara ya kwanza sikujua kitu, nililazwa, nikalala. Sasa najua. Dorice ameniambia kovu la zamani limeushikanisha moyo na mfupa, na msumeno utapita hapo hapo. Nikikaa mlangoni napiga mahesabu ya nani atamwondoa Mabula shambani nikiwa sipo. Nina miaka sitini na miwili, na ndiyo kwanza nimeanza kumzoea Tereza. Sitaki kufa.

Kwa hiyo nitakuja. Rufaa imeandikwa, mwezi wa sita. Chuma sitaki, hilo nimemwambia Dorice mwenyewe. Chuma nakijua, kinadai kuangaliwa kila siku, na mimi nimestaafu. Ya mnyama tena, miaka kumi na tano mingine inanitosha. Anasema wakati huo pengine wataweka ya tatu kwa kupitia mshipa wa paja bila kufungua kifua. Nikamwambia tuanze na hii.

Safari hii daktari anaongea Kiswahili, mkalimani sihitaji. Wewe njoo tu ukae.

Kaka yako,
Krispini


Dar es Salaam, kwenye benchi la hospitali,
25 Juni 2025

Kaka yangu Krispini,

Shikamoo, ingawa huisikii. Naandika umelala upande wa pili wa kioo, na utaisoma ukiamka. Tereza yuko hapa kando yangu, amewafundisha ndugu wa wagonjwa wengine wimbo mmoja na mlinzi ameshakuja mara mbili. Mabula amepiga simu. Nilipokea. Hakuna aliyekufa.

Ulisema mkalimani humhitaji, lakini daktari aliongea ukiwa umelala, kwa hiyo nakupa maneno yake yote na sijapunguza. Alitoka jana saa kumi jioni. Alisema kazi ilichukua saa saba badala ya nne. Alisema kovu lilikuwa baya, moyo ulikuwa umegandana na mfupa kama walivyotabiri, na walipofungua ulichanika kidogo ukavuja damu nyingi, wakakuongezea chupa sita. Alisema walipouwasha moyo mara ya kwanza haukuwaka. Mara ya pili ukawaka. Alisema siku tano hizi ndizo za kuangalia, na kwamba figo zako hazijaamua. Alisema vali mpya itakaa miaka kumi, labda kumi na tano, na hapo akanyoosha vidole, akavitikisa. Nililia mbele ya watu. Alidhani ni sababu ya figo.

Nikamuuliza ni ya mnyama gani. Akasema hii imeshonwa kwa ile ngozi inayofunika moyo wa ng'ombe. Nikamwomba arudie. Akasema ng'ombe, mama. Nikamwomba aiandike kwenye karatasi, akaniangalia, akaandika. Karatasi iko pamoja na kadi yako, na Tereza ni shahidi.

Kwa hiyo pole kwa lile dume la Mabula. Mwiko utauamua mwenyewe ukiamka. Safari hii sisemi kitu.

Leo saa nne asubuhi wametoa mpira mdomoni. Waliponiruhusu kuingia nilikaa, kama ulivyoniambia. Ulifungua macho, ukaniona, ukafunga tena. Figo zimeanza kufanya kazi saa sita mchana, nesi ameniletea mfuko wa mkojo nione, nami nimeushukuru kama zawadi. Rangi imerudi kwenye kucha zako. Nimehesabu na mito, kaka. Umelala kwenye mmoja.

Kalista